Tuache kuhesabu miche, tuhesabu samaki

Kila mwaka Wiki ya Maji inapofika, Machi 16 hadi 22, vijito vya milima ya Uluguru hupata wageni. Magari hupanda hadi barabara inapoishia, hotuba hutolewa, miche hupandwa, picha hupigwa. Jioni taarifa ya habari inatangaza idadi ya miche. Sijawahi kusikia ikitangazwa idadi ya samaki. Wala sijamsikia kiongozi aliyerudi kwenye kijito kilekile mwaka uliofuata, masika yalipoanza, akauliza wenyeji kama kambale wamepanda.

Hoja yangu ni fupi. Mto umepona pale samaki anayehama anapoweza kuupanda na kuushuka. Kabla ya hapo tumepanda miti tu. Na tukikubali kipimo hicho, itabidi tukubali na jambo la pili: gharama ya kuuponya mto haiwezi kubebwa na mkulima wa mlimani peke yake, kwa sababu samaki huyo, kutoka baharini hadi Matombo, anapita mlangoni kwa kila mmoja wetu.

Mimi ni mzaliwa wa Matombo, na kazi yangu hadi kustaafu ilikuwa uvuvi na ufugaji wa samaki katika mkoa huu wa Morogoro. Vijijini waliniita bwana samaki, ingawa ni mwanamke, nami niliitika. Nimesimamia uchimbaji wa mabwawa ya perege, nimekamata vyandarua vya kuvulia, nimekaa kwenye mabaraza ya wazee nikisikiliza kesi za migono iliyoibwa. Kwa hiyo ninapozungumzia samaki wa vijito sizungumzii kitabu.

Nianze na kambale, maana huyo kila mtu anamjua. Mvua za masika zikianza na maji yakachafuka, kambale huyaacha madimbwi ya mto mkubwa akapanda vijito hadi kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Huko hutaga usiku, kisha hurudi. Vifaranga hukulia kwenye maji ya kina kifupi, yenye joto na wadudu tele, na kushuka mafuriko yanapopungua. Akikuta njia imezibwa hana pa kwenda, hutaga hapohapo alipo, na mayai mengi hupotea. Ndiyo maana kijiji kinaweza kuwa na maji mtoni mwaka mzima na bado wazee wakasema kambale wameadimika.

Wa pili ni mkunga wa mtoni. Huyu wengi humdhania nyoka na kumpiga jiwe. Tukiwa watoto tulimkuta chini ya mawe makubwa, mahali penye maji baridi yanayokwenda kasi, na hatukujua tunamtazama msafiri wa ajabu kuliko wote. Mito ya mashariki mwa Afrika inayomwaga maji Bahari ya Hindi ina aina kadhaa za mkunga huyu, na hakuna hata mmoja anayezaliwa mtoni. Wanasayansi wanaamini huzaliwa baharini, mashariki ya Madagaska. Wakiwa wadogo, wembamba na weupe kiasi kwamba unaona upande wa pili wa miili yao, mkondo wa bahari huwasukuma hadi pwani yetu. Hapo huingia mtoni na kuanza kupanda. Mkunga wa Uluguru ameingilia karibu na Bagamoyo, akapita Mlandizi, akapita Kidunda, ndipo akafika mlimani. Hukaa huku miaka 10 hadi 20, akala kaa na wadudu wa maji, akanenepa. Siku moja, mafuriko yakija usiku, hushuka na kurudi baharini kuzaa mara moja tu, na kufa.

Samaki wa namna hii ndiye mkaguzi ninayemtaka. Hadanganyiki kwa hotuba. Anahitaji maji kiangazi, kivuli kando ya mto, maji yasiyo na sumu, na njia wazi mwanzo hadi mwisho. Kimoja kikikosekana, haonekani.

Sasa tutazame anachokutana nacho. Barabara za vijijini zimetusaidia sana kushusha ndizi, nanasi na viungo sokoni, sina ugomvi nazo. Lakini mahali pengi bomba la karavati huwekwa juu kidogo ya kitako cha kijito. Maji yanayotoka kwa nguvu huchimba upande wa chini, na baada ya masika machache mdomo wa karavati unaning'inia hewani, pengine usawa wa kiuno cha mtu mzima. Kambale si samaki wa kuruka. Banio la kuchepushia maji ya bustani nalo mara nyingi ni ukuta wa zege kutoka ukingo hadi ukingo, bila mwanya. Ukipanda miti kingoni huku karavati limening'inia hivyo, umepaka rangi nyumba isiyo na mlango.

Halafu kuna sumu. Utupa hupandwa shambani kwa kazi njema, kurutubisha udongo na kufukuza wadudu wa mboga. Majani yake yakitwangwa na kumwagwa kijitoni huua wote, mzazi na kifaranga. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu na baruti, lakini askari wa uvuvi hayuko kwenye kila bonde. Huku mabondeni wakulima wa mboga husuuzia mabomba ya kupulizia dawa kijitoni. Wachimbaji wadogo wa dhahabu hugeuza mchanga wa mito na kuacha tope linalofunika mayai. Ukishuka mjini, mto Ngerengere na vijito vyake hupokea maji ya mitaro, ya gereji na ya viwanda. Kila mmoja ana sababu yake, na kila mmoja anasema wa kulaumiwa ni aliye juu yake.

Pamoja na hayo yote, nimeona kijito kikirudi. Kiko upande wa mashariki ya milima, na sitakitaja jina ili wenye vyandarua wasikifuate. Walioanza hawakuwa na mradi wala ubao wa mfadhili. Walikuwa na karavati lililoning'inia na wazee waliochoka kusema zamani palikuwa na samaki. Vijana walibeba mawe wakayapanga chini ya karavati, ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikibakiza kidimbwi cha samaki kupumzikia, hadi maji yakafika mdomoni mwa bomba. Hawakutumia saruji. Mafuriko ya kwanza yalibomoa sehemu, wakapanga tena na kuweka mawe mazito chini. Wenye bustani walihamisha magimbi hatua chache kutoka kingoni, na mahali pake wakaotesha mabingobingo na kuiacha mikuyu iliyojiotea yenyewe. Mizizi inashika udongo, majani wanakula mbuzi. Hapo ndipo wengine wote walipokubali, kwa sababu ukingo uliorudishiwa mto bado uliwapa kitu.

La muhimu kuliko mawe lilikuwa makubaliano. Wazee wa koo waliamua kwamba katika majuma ya mwanzo ya masika hakuna mgono mtoni, na baada ya hapo mgono usizibe kijito kizima, nusu ya maji iachwe wazi. Mvunjaji anatozwa na wazee, si na mahakama. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo na hufuata upande wa mama, kwa hiyo neno la mwisho kuhusu ukingo lilikuwa la akina mama wenye mashamba. Bibi mmoja aliniambia, "Mwanangu, tangu mwanzo mlikuwa mnaongea na waume zetu. Shamba ni la kwetu. Mngetuuliza sisi." Sikuwa na la kujibu. Afisa anayekwenda kuzungumza na wanaume kwenye kilabu cha pombe atarudi na sahihi nyingi na mto uleule.

Najua mtaniuliza: sheria si ipo? Ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita sitini zimekuwa wimbo wa kila mkutano wa hadhara. Lakini chukueni kalamu. Shamba linalopakana na kijito kwa urefu wa mita 70 tu, ukilikata mita 60 kutoka majini, umeondoa mita za mraba 4,200. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Kaya nyingi za mlimani hazina ekari nzima mahali pamoja, na penye tambarare kidogo ni hapohapo kando ya maji. Tukisema sheria itekelezwe kama ilivyo bila kumpa mtu chochote, tunamwambia mama wa watoto watano atoe shamba lake lote kwa ajili ya bomba la mtu mwingine. Hatatoa. Atalima usiku.

Uluguru ilishajifunza somo hili kwa damu. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi, ikawalazimisha watu kuchonga matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kazi ilikuwa nzito, na kwenye udongo wetu mwembamba ngazi zilileta juu udongo usiozaa kitu. Mwaka 1955 watu wa Matombo walikataa, polisi wakaja, ghasia zikazuka na mtu akauawa. Mpango ukafa. Wazee walionilea waliyasimulia hayo bila kicheko, na hadi leo neno matuta likitamkwa na mtu wa serikali kuna anayeinua jicho.

Lakini nusu karne baadaye, watu wa milima hiyohiyo walichonga matuta kwa hiari. Kuanzia mwaka 2006, katika vijiji vya Kibungo Juu ambavyo maji yake huingia mto Ruvu, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango wa kuwalipa wakulima kwa huduma ya kutunza maji. Fedha zilitoka kwa wanunuzi wa maji walioko chini, shirika la maji la Dar es Salaam, DAWASCO, na kampuni ya Coca-Cola Kwanza. Mkulima aliyechonga matuta ya fanya juu, akapanda miti, akaotesha nyasi za kuzuia udongo, alipimiwa eneo lake akalipwa. Malipo yalikuwa madogo, na mpango ulikuwa wa majaribio. Ulikwisha bila kugeuzwa sheria. Ila ulithibitisha jambo ambalo mkoloni hakulijua: mtu wa mlimani hakatai kutunza mto. Anakataa kutunza mto wa wengine kwa njaa yake mwenyewe.

Na Dar es Salaam ina sababu ya kulipa. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya maji ya jiji. Ruvu Chini peke yake imejengwa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku. Mwishoni mwa mwaka 2021, na tena mwaka 2022, mto ulipungua hadi jiji likaingia kwenye mgao. Watu walipanga ndoo foleni, na lawama zikapandishwa mlimani na kwenye mifugo kando ya mto. Mto usiofaa kwa samaki kiangazi ndio mto usiofika Mlandizi na maji ya kutosha. Ni maji yaleyale.

Ninachopendekeza, kwa hiyo, ni kwamba malipo yale yarudi, lakini safari hii yasitegemee mfadhili. Kila ankara ya maji ya Dar es Salaam na ya Morogoro mjini itengewe kiasi kidogo kinachojulikana, kipitie Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kiende kwenye jumuiya za watumia maji ambazo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazitambua. Kijiji kilipwe kwa matokeo. Na matokeo yapimwe kwa wanakijiji wenyewe kuweka mgono wa kuhesabia mwanzoni mwa masika, kuandika walichokamata na kuwaachia samaki waendelee kupanda. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuandika daftari hilo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walioko chini ya mlima huohuo, wanaweza kulikagua.

Sasa nifike Kidunda. Bwawa linalojengwa pale kwenye Ruvu litahifadhi lita bilioni 190 za maji, na mkataba wake ni wa zaidi ya shilingi bilioni 300. Silipingi. Mtu aliyewahi kubeba ndoo hawezi kupinga bwawa. Lakini samaki yeyote anayetoka baharini kuja vijito vya Matombo lazima apite pale. Vijana wa kijito changu wanaweza kupanga mawe mpaka wazeeke. Tuta lenye urefu wa mita kadhaa kwenda juu, lisilo na njia ya samaki, litafuta kazi yao kwa siku moja. Ninataka njia hiyo iwepo, na wananchi waoneshwe mchoro wake hadharani. Ninataka pia ratiba ya kuachia maji ifuate masika, ili mkunga aliyekomaa apate mafuriko ya kushukia. Sheria ya 2009 imeshapanga zamu: kwanza maji ya majumbani, pili mazingira, kisha ndipo shughuli za uchumi. Samaki hawaombi upendeleo, wanaomba zamu yao.

Wapo watakaosema njia ya samaki ni anasa ya nchi tajiri. Nawakumbusha yaliyotokea mto Kihansi. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo ya umeme, kuanzia mwaka 2000, manyunyu ya maporomoko yakakauka, na chura mdogo asiyepatikana popote pengine duniani akaanza kutoweka. Vyura 499 walipelekwa Marekani kuokolewa. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hayupo tena, na mwaka 2012 akarudishwa Kihansi, akakuta korongo lake limetandikiwa mabomba ya kumnyunyizia maji. Watu walicheka sana habari ya chura kupanda ndege. Mimi nilijifunza mawili. Nchi iliyomtandikia chura mabomba haiwezi kushindwa kumjengea samaki ngazi. Na kutengeneza baada ya kuharibu ni ghali kuliko kufikiri mapema.

Zaidi ya hayo, mkunga hahitaji anasa. Akiwa mdogo hupanda hata ukuta ulionyooka, mradi uwe na unyevu na ukwaruzo wa kushikia. New Zealand, ambako nao wana mikunga inayotoka baharini, wametundika kamba zenye manyoya kwenye makaravati yanayoning'inia, na samaki wadogo wakapanda kwa kamba. Kwenye mabwawa yao makubwa wenyeji huwakamata wale wadogo chini ya tuta na kuwavusha juu kwa ndoo. Kamba ya katani tunayo, Morogoro imeilima tangu enzi za Mjerumani. Ndoo tunazo.

Onyo moja kabla sijamaliza, nalo ni kwa wenzangu wa idara. Kurudisha samaki mtoni si kumwaga vifaranga vya sato mbele ya kamera. Mito ya Ruvu na Wami ina perege wake wa asili, na watafiti wamekuta katika maji kadhaa ya nchi yetu sato wa kuletwa akizaa na perege wa kienyeji hadi damu ikachanganyika. Sato wa bwawani abaki bwawani, na bwawa lisijengwe mahali mafuriko yatakapolifikia. Kijito kikifunguliwa, samaki wake hurudi wenyewe.

Nimalize kwa ombi kwa kila mhusika. Halmashauri za Morogoro: mkikagua barabara msimu ujao, kagueni na mdomo wa kila karavati upande wa chini, mkiukuta unaning'inia wapeni wanakijiji tripu ya mawe. Wenye mabanio: acheni mwanya. Wizara ya Maji: tuoneshwe njia ya samaki ya Kidunda kabla bwawa halijajaa, si baada. Wakazi wa Dar es Salaam: mkiona makato madogo ya mlimani kwenye ankara, lipeni bila kununa, ndiyo bei halali ya maji mnayokunywa. Na mgeni rasmi wa Wiki ya Maji ijayo, karibu sana Uluguru. Miche tunayo. Njoo na daftari, uulize wenyeji ni kambale wangapi wamepanda.